Marekani imetoka tena Paris: mkataba wa msitu wetu utasimama?

*"Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, Tanzania. Kampuni ya biashara ya kaboni imetuletea mkataba wa miaka 30 wa kutunza msitu wetu. Kwenye mkutano mjumbe mmoja alisimama akasema Marekani imejitoa Mkataba wa Paris, kwa hiyo biashara hii imekufa na tunadanganywa. Nilishindwa kumjibu. Ninachojua ni kwamba Marekani iliingia, ikatoka, ikaingia, ikatoka tena. Nchi yenye wanasayansi wengi namna ile inageukaje hivyo? Hawaamini kwamba tabianchi inabadilika? Sisi tuliosaini tukabaki, ndio tunajali zaidi? Na mwisho: kijiji kisaini au kisisaini?"*

Ndugu katibu, maswali yako ni mawili yaliyoshonwa pamoja, moja la siasa za dunia na jingine la msitu wenu. Mjumbe aliyesimama mkutanoni ana haki ya kuwa na shaka. Ardhi ya kijiji kwa miaka 30 haipitishwi kwa makofi. Ila sababu aliyoitoa siyo yenyewe, na zipo sababu nyingine nzito zaidi za kuwa waangalifu. Nianze na Marekani na Mkataba wa Paris, makubaliano ya mataifa ya mwaka 2015 ya kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Nitakwenda kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukishaielewa utawaelewa pia Warusi, Wakanada na hata sisi wenyewe.

Tuweke kando kwanza wazo kwamba nchi huamua kama mtu mmoja anavyoamua. Mshenga akitumwa kuposa, hukaa kwenye mikeka miwili. Kwa wakwe anajadili mahari, kisha anarudi kwa wazee waliomtuma, ambao ndio wenye ng'ombe. Akikubali kiasi ambacho wazee hawatakitoa, posa imevunjika hata kama alizungumza vizuri namna gani. Akibana sana ili kuwaridhisha wazee, wakwe nao hawamtoi binti. Serikali inayojadili mkataba wa tabianchi iko katika hali hiyo hiyo. Ugenini kuna mataifa mengine, na nyumbani kuna bunge, wenye viwanda, wafanyakazi, wapiga kura na uchaguzi unaokuja. Tukiona nchi "imegeuka", mara nyingi mshenga ni yule yule na maneno yake ni yale yale. Waliobadilika ni wazee wa nyumbani.

Sasa tazama wazee wa Marekani ni akina nani. Kusaini mkataba na kuuridhia ni hatua mbili tofauti, na watu wengi huzichanganya. Rais wa Marekani au mjumbe wake anaweza kusaini leo. Lakini Katiba yao inataka mkataba wa kimataifa upate theluthi mbili ya Seneti (baraza moja la bunge lao), yaani kura 67 maseneta wote 100 wakiwepo. Kila jimbo lina maseneta wawili bila kujali idadi ya watu. California yenye watu karibu milioni 39 ina wawili, na Wyoming isiyofikisha watu 600,000 ina wawili. Na Wyoming ndiyo inayoongoza nchini humo kwa kuchimba makaa ya mawe. Ukijumlisha majimbo ya makaa ya mawe, ya mafuta, ya gesi na ya viwanda vikubwa, maseneta 34 wa kuzuia mkataba hawatafutwi kwa tochi.

Mwaka 1992 Seneti hiyo hiyo ilikubali mkataba mama wa Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, ule wa Rio de Janeiro, bila vita yoyote. Ulipita kwa urahisi kwa sababu haukuwa na namba. Uliahidi mwelekeo, haukumpangia mtu apunguze kiasi gani na lini. Namba zilipoanza kuandaliwa, hali ikabadilika. Julai 1997, miezi michache kabla ya mkutano wa Kyoto, Japan, wa kukubaliana namba hizo, maseneta wawili walipeleka azimio: Robert Byrd wa chama cha Democratic kutoka West Virginia, jimbo la wachimba makaa ya mawe, na Chuck Hagel wa Republican kutoka Nebraska. Azimio lilisema Marekani isikubali mkataba unaozibana nchi tajiri peke yake bila kuzibana nchi zinazoendelea katika kipindi hicho hicho, wala mkataba utakaoumiza vibaya uchumi wao. Lilipita kwa kura 95 kwa 0.

Hakuna hata mmoja aliyepinga, na humo walikuwamo maseneta waliokuwa wakihimiza hatua za kulinda tabianchi. Kwa hiyo swali lako, kama hawaamini sayansi, lina jibu la pande mbili. Ndiyo, wapo wanasiasa waliokana sayansi waziwazi, na zipo kampuni za mafuta na makaa ya mawe zilizotumia fedha nyingi kupandikiza shaka kwa wananchi. Hilo ni kweli na ni aibu. Lakini kura 95 hazikutokana na hilo peke yake. Nyingi zilitokana na hofu kwamba kiwanda kikifungwa Ohio kitafunguliwa China au India, kazi zitahama na moshi utabaki ule ule. Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba dunia inapata joto na bado akapiga kura ya hapana, kwa kuwa waliomchagua ndio watakaolipa.

Desemba 1997 ujumbe wa Marekani ulikubali huko Kyoto kupunguza gesijoto kwa asilimia 7 chini ya kiwango cha 1990. Makamu wa Rais Al Gore alikwenda mwenyewe kuusukuma mkutano ufikie makubaliano. Mwaka 1998 serikali ya Bill Clinton ikasaini. Kisha? Ikaweka kwenye droo. Haikuupeleka Seneti hata siku moja, kwa sababu ilijua hesabu. George W. Bush alipoukataa Machi 2001, dunia ilimlaumu kana kwamba ndiye aliyeuua, na lawama sehemu yake anastahili. Lakini kwa upande wa nyumbani, mahari ile wazee walikuwa wameshaikataa kabla mshenga hajapanda ndege.

Hapo ndipo ilipozaliwa Paris. Wajumbe waliokutana mwaka 2015 walilijua somo la Kyoto, na wakauunda mkataba mzima wakikwepa mlango wa Seneti ya Marekani. Kila nchi ijipangie yenyewe mchango wake, itoe taarifa, iupitie upya kila baada ya miaka mitano, na hakuna adhabu kwa asiyefikia lengo. Siku ya mwisho kabisa, ukumbi ukisubiri, ilionekana kwamba rasimu ya Kiingereza ina neno linalomaanisha nchi tajiri "zitalazimika" kuwa na malengo ya uchumi wao wote, badala ya "zinapaswa". Kwa masikio yetu tofauti ni ndogo. Kwa wanasheria wa Marekani, "zitalazimika" lingewapa nguvu waliodai kwamba huu ni mkataba wa kupelekwa Seneti. Neno likabadilishwa, mkataba ukapita, na Barack Obama akauridhia Septemba 2016 kwa mamlaka yake ya urais.

Njia hiyo ina gharama yake. Rais akiingiza nchi kwa kalamu yake, rais mwingine anaitoa kwa kalamu hiyo hiyo. Donald Trump alitangaza kujitoa Juni 2017. Kanuni za mkataba zilikuwa zinamlazimu mtu asubiri miaka mitatu tangu mkataba uanze kutumika ndipo atoe notisi, kisha mwaka mmoja mwingine notisi ikamilike. Kwa hiyo Marekani ilitoka rasmi tarehe 4 Novemba 2020, siku moja baada ya uchaguzi ambao Trump alishindwa. Joe Biden aliirudisha siku aliyoapishwa, ikawa mwanachama tena Februari 2021. Januari 2025 Trump alirejea madarakani na kutoa notisi siku chache tu baadaye, na safari hii kulikuwa na mwaka mmoja tu wa kusubiri. Huku kuingia na kutoka kunakokushangaza kumetokana na namna mkataba ulivyoingizwa nyumbani, na kutaendelea mpaka upatikane wingi wa kudumu katika Seneti, au mpaka vyama vyote viwili viwe na faida ndani yake.

Trump alipotangaza kujitoa mwaka 2017 alisema alichaguliwa kuwawakilisha watu wa Pittsburgh, si wa Paris. Pittsburgh iko Pennsylvania, jimbo la chuma na makaa ya mawe, ambalo alikuwa amelishinda kwa kura zisizofika 45,000. Meya wa Pittsburgh akajibu kwamba mji wake utaendelea kuyafuata malengo ya Paris. Nakueleza hili ili ukisikia "Marekani imesema", ujiulize ni Marekani ipi.

Kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hii, na kinatuhusu kwa karibu. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, wakakubaliana kupunguza gesi zinazotumika kwenye majokofu na viyoyozi, ambazo zina nguvu kubwa sana ya kupasha dunia joto. Kisheria ni marekebisho ya mkataba wa Montreal wa 1987, ule wa kulinda tabaka la ozoni. Yana malengo yenye namba, yana tarehe, na yanazibana nchi zote, zinazoendelea zikiwa na ratiba ya taratibu zaidi. Ungedhani Seneti ingeyatupa nje. Septemba 2022 iliyapitisha kwa kura 69 kwa 27, maseneta 21 wa Republican wakiwamo.

Seneti ni ile ile, katiba ni ile ile, na mzozo wa vyama ulikuwa mkali kuliko mwaka 1997. Kilichotofautiana ni nani analipa na nani anapata. Kampuni za kemikali za Marekani zilikuwa tayari zimetengeneza gesi mbadala na zilitaka soko. Watengenezaji wa viyoyozi walitaka sheria moja inayotabirika. Na mkataba una kipengele cha biashara: kuanzia 2033, nchi isiyouridhia itafungiwa biashara ya gesi hizo na waliouridhia. Kwa hiyo wenye viwanda, wale ambao kuhusu makaa ya mawe walikuwa wakibisha hodi Seneti kusema hapana, safari hii walibisha hodi kusema ndiyo. Mtu akiniuliza nchi fulani itaridhia mkataba fulani au la, nauliza kwanza nani nyumbani kwake atapata kazi kwa sababu ya mkataba huo, na ana sauti kiasi gani.

Upande wa ugenini nao una nguvu, na hapo Urusi ndiyo mwalimu. Kyoto isingeanza kutumika bila nchi zilizotoa asilimia 55 ya hewa ukaa (gesijoto kuu) ya mataifa ya viwanda mwaka 1990. Marekani peke yake ilikuwa na karibu asilimia 36. Ilipojitoa, hesabu ikaangukia kwa Urusi yenye asilimia 17.4. Bila Urusi, hakuna Kyoto. Viwanda vya Urusi vilikuwa vimeporomoka pamoja na Umoja wa Kisovieti, kwa hiyo lengo lake, kutovuka kiwango cha 1990, lisingeisumbua hata kidogo. Hata hivyo Vladimir Putin alisubiri, huku mshauri wake wa uchumi, Andrei Illarionov, akiupinga mkataba hadharani. Mei 2004 Umoja wa Ulaya ulikubaliana na Urusi masharti ya kuingia Shirika la Biashara Duniani, na siku hiyo hiyo Putin akasema wataharakisha kuridhia Kyoto. Oktoba bunge lao, Duma, likaridhia, na Februari 2005 mkataba ukaanza kutumika duniani. Sidhani kama theluji ya Siberia ndiyo iliyoamua hapo. Kilichoamua ni biashara, na mkataba ulinusurika.

Ugenini hata hivyo hautoshi nyumbani pakikataa. Novemba 2014 Obama na Xi Jinping walitangaza malengo yao pamoja mjini Beijing, na China ikaahidi kwamba hewa ukaa yake itafikia kilele karibu mwaka 2030. Hoja ya zamani kwamba China haifanyi chochote ikapoteza makali, na bila tangazo lile sidhani Paris ingefanikiwa. Bado haikuzaa kura 67. Kanada nayo iliridhia Kyoto mwaka 2002, serikali ikabadilika, uchimbaji wa mafuta kwenye mchanga wa jimbo lao la Alberta ukapanuka, na Desemba 2011 ikatangaza kujitoa.

Na sisi? Umeuliza kama kubaki kwetu kunaonyesha tunajali zaidi. Ningependa kujibu ndiyo, lakini nitakudanganya. Tanzania ilisaini Paris Aprili 2016 na ikaridhia 2018. Kwa Katiba yetu, Ibara ya 63, kuridhia mikataba ya aina hiyo ni kazi ya Bunge. Hapakuwa na mvutano mkubwa kwa sababu ahadi zetu hazikumgusa mwenye nguvu yeyote mfukoni. Tumeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, tukilinganisha na hali ingekuwaje bila juhudi, na utekelezaji unategemea sana fedha na teknolojia kutoka nje. Wazee wetu waliombwa ng'ombe wachache na kuahidiwa zawadi. Hilo si kosa, maana mchango wetu katika kuiharibu hali ya hewa ni mdogo mno na madhara tunayoyapata ni makubwa. Lakini tusijipe sifa ambayo hatujaifanyia jasho.

Mtihani wetu unakuja pale penye fedha. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa kwa sababu za mazingira na haki za watu. Viongozi wa Uganda na wa kwetu walijibu kwa ukali kwamba waliotajirika kwa mafuta hawana haki ya kutukataza. Utakavyolihukumu bomba ni juu yako. Ila sikiliza hoja yenyewe: ajira, mapato, heshima ya taifa, kwa nini sisi na si wao. Ni hoja zile zile za maseneta wa 1997.

Sasa msitu wenu. Mjumbe wenu amedhani kaboni ya kijiji, yaani hewa ukaa ambayo msitu uliotunzwa unaizuia isiende angani, inanunuliwa na serikali ya Marekani kupitia Paris. Kwa kawaida sivyo. Miradi mingi ya misitu ya vijiji huuza kwenye soko la hiari, ambako wanunuzi ni kampuni zinazotaka kufidia moshi wao kwa utashi au kwa ajili ya jina lao. Kujitoa kwa serikali ya Marekani hakufuti mkataba wa kampuni na kijiji. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha za msitu, na fedha hizo hazikupitia Seneti.

Lakini siasa zinakugusa kwa njia mbili. Ya kwanza ni bei. Soko la hiari linategemea hamu ya wanunuzi, na hamu hiyo hupoa pale serikali kubwa zinapoacha kujali au pale miradi fulani inapofichuliwa kuwa ilitia chumvi hesabu za misitu iliyookolewa. Katika miaka 30 Marekani itafanya chaguzi za urais saba au nane. Yeyote atakayewaambia bei itabaki pale pale hasemi ukweli. Njia ya pili ni hesabu ya taifa. Kifungu cha 6 cha Paris kinaruhusu nchi moja kununua upunguzaji wa gesijoto uliofanyika nchi nyingine, lakini tani moja ya hewa ukaa haihesabiwi mara mbili. Ikiuzwa kwa nchi ya nje kwa ajili ya lengo lake, Tanzania haiwezi kuihesabu kwenye lengo letu. Ndiyo maana serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022 na kutaka kila mradi usajiliwe. Kampuni inayowaambia usajili hauna haja iogopeni.

Kuhusu kusaini au kutosaini, siwezi kukujibu kutoka huku niliko, na nisingependa mtu yeyote akujibu bila kuusoma mkataba wenyewe. Msisaini kabla ya kufanya mambo haya ana kwa ana. Mwendeeni afisa misitu wa wilaya na mwanasheria wa halmashauri, mkiwa na mkataba mkononi. Ulizeni kwenye kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, NCMC, kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kama mradi huo unafahamika. Kisha tafuteni wakili ambaye halipwi na kampuni, hata kama ni wa msaada wa kisheria. Uamuzi urudi Mkutano Mkuu wa Kijiji, wanawake na wafugaji wakiwepo, maana wao ndio watakaokatazwa kuni na malisho.

Wakili huyo mwulizeni kuhusu vifungu vichache vinavyoniumiza kichwa kila ninapoiona mikataba hii. Kijiji kinapata kiasi maalumu au asilimia ya mauzo, na ni asilimia ya mauzo yote au ya kinachobaki baada ya kampuni kutoa gharama zake? Soko likianguka, nani anabeba hasara? Kampuni ikiuza mkataba wenu kwa kampuni nyingine, mna haki ya kukataa? Moto ukiteketeza msitu bila kosa lenu, mnadaiwa? Bei inapitiwa upya kila baada ya miaka mingapi? Na Kiswahili na Kiingereza zikitofautiana, lugha ipi inatawala? Nikiwa katibu, la miaka 30 ningeligusa la kwanza: ombeni muda mfupi zaidi wenye nafasi ya kuongeza, au kipengele cha kutoka kwa notisi iliyoandikwa. Kampuni ikikataa vyote viwili, mwambieni wakili awaelezee kwa nini imekataa, mbele ya mkutano, kabla hamjapiga kura.